Ary Barroso: Mtunzi wa Aquarela do Brasil aliyegoma kuishi mbali na Flamengo

Rio de Janeiro, Jumapili jioni, miaka ya 1940. Redio imewekwa dirishani ili na majirani wafaidi. Mtangazaji anakimbizana na mpira, sauti imeshaanza kukauka, mara kelele za uwanja zinammeza kabisa. Hakisikiki kitu. Halafu kinatokea kinanda kidogo cha mdomo, harmonika, kinapulizwa kwa mbwembwe, kinapanda, kinashuka, kinarudi tena juu, mpaka msikilizaji anajiuliza huyu jamaa anapumua saa ngapi.

Hapo hakuna haja ya kuuliza nani kafunga. Flamengo wametupia.

Siku nyingine harmonika inalia mara moja tu, fupi, kavu, kama ya mtu aliyelazimishwa. Basi ujue Flamengo wamefungwa, na mtangazaji hana hamu ya kukueleza bao lilivyoingia.

Mtangazaji huyo aliitwa Ary Barroso. Dunia ya muziki inamjua kwa jambo lingine kabisa: ndiye aliyetunga Aquarela do Brasil, ule wimbo ambao ukipigwa popote mtu anajua hii ni Brazil, hata kama hajui neno moja la Kireno. Frank Sinatra aliuimba. Walt Disney aliuweka kwenye katuni. Wengi wanaoucheza hawajui kwamba aliyeutunga alikuwa mtu wa mpira kuliko baadhi ya watu wanaolipwa kwa kazi ya mpira, na kwamba bila kelele zake Uwanja wa Maracanã huenda usingejengwa pale ulipo leo.

YATIMA WA UBÁ

Alizaliwa Novemba 7, 1903 katika mji mdogo wa Ubá, jimbo la Minas Gerais. Baba yake alikuwa mwanasheria na mwanasiasa. Kabla Ary hajafikisha miaka kumi, baba na mama walishafariki, wakifuatana ndani ya muda mfupi. Mtoto akachukuliwa na bibi yake mzaa mama, Gabriela, na ndugu mwingine wa kike wa ukoo huo, Rita, ambaye nyumbani walimwita Ritinha.

Rita alikuwa mwalimu wa piano, na hakuwa mtu wa kumchekea mtoto. Wenzake Ary wakiwa nje, yeye alikuwa ndani anafanya mazoezi ya vidole. Akiwa na miaka 12 alishaanza kupiga piano kwenye sinema ya pale Ubá. Enzi hizo filamu hazikuwa na sauti, hivyo lazima awepo mtu pembeni anayepiga muziki wa kuendana na picha: watu wakikimbizana piano inakimbia, wakilia piano inalia. Ukiangalia kazi aliyokuja kuifanya uwanjani baadaye, ya kufuata kitu kinachokwenda mbio na kukipa sauti, unaona kijana alianza mazoezi mapema sana.

Kisha akafa ndugu wa upande wa baba, Sabino Barroso, mzee mzito aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Brazil. Ary akaachiwa urithi wa conto 40, fedha nyingi kwa mtu yeyote, sembuse kijana wa miaka 17. Akafunga safari kwenda Rio kusoma sheria.

Urithi ulipotelea Rio. Kijana alikaa hoteli nzuri, akala migahawa mizuri, akavaa, akanywa, na fedha ikaisha kabla masomo hayajafika popote. Ikabidi arudi kwenye kibarua alichokijua, piano ya sinema, na baadaye kwenye bendi za dansi. Shahada ya sheria aliipata karibu miaka kumi baada ya kuingia chuoni. Darasani alisoma na kijana mmoja aliyeitwa Mário Reis, mtoto wa kishua aliyekuwa anaimba samba kwa sauti ya chini, ya taratibu, tofauti na wote. Reis ndiye aliyerekodi nyimbo za kwanza za mwenzake mwishoni mwa miaka ya 1920. Wanasheria wawili waliohitimu, na hakuna hata mmoja aliyekumbukwa kwa sheria.

Mwaka 1930 Ary akashinda shindano la nyimbo za kanivali kwa wimbo unaoitwa Dá Nela. Zawadi ilikuwa fedha za kutosha kumwezesha kumuoa Ivone, binti aliyekuwa akimpenda huku familia ikiwa na wasiwasi na mpiga piano asiye na kitu. Wimbo wenyewe unachekelea kumpiga mwanamke, na leo redio yenye akili isingeupiga. Lakini ndiyo uliomtoa.

Baada ya hapo nyimbo zikamiminika. Nyingine aliandika na Lamartine Babo, mtunzi mcheshi aliyekuwa shabiki kindakindaki wa klabu ya America ya Rio. Wengi wanaomba arudie kusikia No Rancho Fundo, ambayo wawili hao waliitoa mwaka 1931. Carmen Miranda, staa mkubwa wa wakati ule, alirekodi nyimbo za Ary moja baada ya nyingine. Bei yake ikapanda, na kichwa nacho kikapanda kidogo.

Kuna mkasa wa mwaka 1938 unaoonyesha hilo. Ilikuwa inatengenezwa filamu ya Banana da Terra, Carmen akiwa mwigizaji mkuu, na nyimbo mbili za Ary zilikuwa ndani. Ary akataja bei. Watengenezaji wakaona ni kubwa, wakazitoa nyimbo zake na kutafuta za mtu mwingine. Wakampata kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia Rio kutoka Bahia, hana jina, anaitwa Dorival Caymmi. Wimbo wa Caymmi ukalipuka, Carmen akaucheza amevaa vazi la wanawake wa Bahia, na vazi hilo likampeleka Marekani mwaka uliofuata. Ni kama staa aliyegomea mkataba, kocha akamwingiza kinda kutoka benchi, kinda akapiga hat-triki. Ary alikuja kuwa rafiki wa Caymmi, lakini ile fursa haikurudi.

HARMONIKA YA DUKA LA WATOTO

Katikati ya miaka ya 1930 akaingia kwenye utangazaji wa mpira redioni, kwanza Rádio Cruzeiro do Sul, baadaye Rádio Tupi. Soka la Rio lilikuwa linabadilika. Klabu zilikuwa zimeanza kulipa wachezaji waziwazi, na Flamengo mwaka 1936 ikawachukua Leônidas da Silva na Domingos da Guia, wachezaji weusi wawili waliokuwa vipenzi vya watu. Klabu iliyoanzishwa na vijana wa kupiga makasia ikageuka kuwa timu ya watu wa chini, ya vibarua na wapishi na watoto wa vilimani. Redio ndiyo iliyoisambaza nchi nzima. Watu wa majimbo ya mbali ambao hawajawahi kuiona bahari ya Rio wakawa Flamengo kwa sababu ya masikio tu.

Tatizo la mtangazaji lilikuwa moja. Hakukuwa na kibanda cha kujifungia. Ary alikaa jukwaani katikati ya mashabiki, na bao likiingia kelele zilifunika kila kitu, msikilizaji nyumbani asijue ni bao, ni penalti au watu wamepigana. Ikabidi atafute sauti itakayopenya. Akaipata kwenye harmonika ndogo, mfano wa zile wanazochezea watoto.

Kama angepuliza sawasawa kwa timu zote, hadithi ingeishia hapo. Hakuweza. Flamengo wakifunga alipiga vionjo, wakifungwa alipiga sauti moja. Adui akishambulia, wasikilizaji walisikia akisema kwamba yeye hataki hata kuangalia, na akanyamaza kweli, taifa zima likisubiri kujua kama mpira umeingia. Kwenye mechi moja, inasimuliwa, Flamengo walipofunga aliacha maikrofoni ikiwa hewani, akashuka uwanjani kwenda kukumbatia wachezaji, na redio ikabaki inarusha kelele bila mtangazaji.

Darasa la uandishi wa habari linafundisha kwamba mtangazaji hana timu. Ary hakujifanya hana. Na cha ajabu, mashabiki wa Vasco, Fluminense na Botafogo nao walimsikiliza, wengine kwa ajili ya kumtukana tu, na hasa kwa ajili ya kusubiri ile sauti fupi, kavu, ya harmonika. Kwao ile ilikuwa tamu kuliko bao lenyewe.

Viongozi wa Vasco hawakucheka. Inasimuliwa kwamba walimpiga marufuku kuingia kwenye uwanja wao wa São Januário, na Ary akatafuta paa la jengo la jirani, akapanda na vyombo vyake, akatangaza mechi kutoka juu.

Jibu la Flamengo kwa Vasco lilipatikana uwanjani. Oktoba 29, 1944, kwenye uwanja wa Gávea, timu hizo zilikutana katika mechi ya mwisho ya ligi ya Rio. Flamengo walishatwaa ubingwa 1942 na 1943, wanatafuta wa tatu mfululizo. Agustín Valido, winga Muargentina aliyekuwa ameshatundika daluga, alirudishwa kikosini kwa sababu majeruhi walikuwa wengi, na siku ya mechi alikuwa na homa. Dakika za mwisho ikapigwa krosi, Valido akaruka, akaiweka kambani kwa kichwa. Moja bila. Vasco wanadai mpaka leo kwamba alimpanda beki mgongoni. Flamengo wanasema hewa ilikuwa ya wote.

Jambo la kuchekesha ni hili. Wimbo ambao mashabiki wa Flamengo wanauimba hadi leo, ule wa kuapa kuwa wa timu hii siku zote, haukutungwa na Ary. Aliutunga Lamartine Babo, yule rafiki yake wa America, aliyeamua miaka ya 1940 kuzitungia klabu za Rio nyimbo zao, mpaka za wapinzani wake. Flamengo mkubwa kuliko wote kwenye muziki wa Brazil alikuwepo, hai, na kazi ikafanywa na mtu wa timu nyingine. Kwa Ary, ambaye wivu haukuwa mbali naye, hilo halikuwa dogo.

USIKU WA MVUA

Aquarela do Brasil ilizaliwa mapema mwaka 1939, usiku ambao mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba Ary hakuweza kutoka. Kwa mtu aliyezoea baa na marafiki, kukaa ndani ilikuwa adhabu. Akakaa kwenye piano, huku ndugu wa nyumbani wakiwa sebuleni, na kabla ya kulala alikuwa na nyimbo mbili. Moja ilikuwa Três Lágrimas, nzuri na ya huzuni. Nyingine ndiyo hiyo.

Alitaka samba iondoke kwenye visa vya mapenzi na ulevi, izungumzie nchi nzima, iwe pana kama picha ya rangi za maji. Haikupokelewa vizuri mwanzoni. Ilipoimbwa kwenye jukwaa la maonyesho mwaka huohuo haikushtua mtu. Ikapata uhai Agosti 1939, Francisco Alves alipoirekodi na okestra iliyopangwa na Radamés Gnattali, ile mipigo ya ala inayoingia kama ngoma.

Wakaguzi wa serikali ya Getúlio Vargas walikuwa na lao. Hawakupenda nchi yao itajwe kama nchi ya samba na matari, wakaona ni kuishusha hadhi, na Ary akalazimika kwenda kuutetea wimbo ili upite. Upande mwingine, waliompinga Vargas wakasema Ary anaipamba serikali ya kidikteta. Wakosoaji wa lugha nao wakamcheka kwa kueleza kuhusu mnazi jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua. Yeye aligoma kubadilisha.

Mwaka 1940 akaupeleka kwenye shindano la samba la kanivali. Mwenyekiti wa majaji alikuwa Heitor Villa-Lobos, bwana mkubwa wa muziki wa okestra. Wimbo haukuingia hata tatu bora. Ary akanuna, na hakununa wiki mbili. Alikata mazungumzo na Villa-Lobos kwa miaka 15, mpaka mwaka 1955 walipoitwa wote wawili kupewa nishani na Rais Café Filho, wakajikuta chumba kimoja, wakakumbatiana.

Waliomwokoa ni wageni. Walt Disney alizuru Brazil mwaka 1941, akausikia, akaondoka nao. Mwaka 1942 ukatokea kwenye filamu ya katuni ya Saludos Amigos, kasuku José Carioca akimfundisha Donald Duck samba. Bendi za Marekani, ya Jimmy Dorsey na ya Xavier Cugat, zikaurekodi. Ule ulioachwa na majaji wa kanivali ukawa unapigwa kila redio ya Marekani.

AMERIKA HAKUNA FLAMENGO

Hollywood ikamwita. Mwaka 1944 alikwenda kuandika muziki wa filamu iliyoitwa Brazil, na wimbo wake wa Rio de Janeiro ukaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Haukushinda, lakini mtoto yatima wa Ubá alikuwa amekaa meza moja na watunzi wakubwa wa dunia.

Halafu ikaja ofa ya kweli. Disney alitaka abaki, awe mkuu wa muziki kwenye kampuni yake. Mshahara wa dola, nyumba, jina. Ary akakataa. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa sababu, alieleza kwa ufupi sana: kule hakuna Flamengo.

Wengi huisimulia kama utani. Huenda naye aliitoa kama utani. Lakini tazama alichofanya: alipanda ndege akarudi kwenye redio, kwenye jukwaa la mbao, kwenye harmonika. Mwanamuziki aliyekuwa na wimbo mkubwa kuliko wote wa nchi yake akaacha fedha ambazo hakuwahi kuzipata tena maishani.

DIWANI WA MARACANÃ

Brazil ikapewa Kombe la Dunia la 1950, na Rio haikuwa na uwanja unaotosha. Mwaka 1947 Ary alikuwa amechaguliwa diwani wa jiji kwa tiketi ya chama cha UDN, kura zikiwa nyingi, na hakuna siri kwamba wengi walimpigia mtangazaji wa Flamengo. Swali lililoingia barazani lilikuwa uwanja ujengwe wapi.

Carlos Lacerda, diwani wa chama hichohicho, mwenye ulimi mkali kuliko wanasiasa wote wa Rio, aliona uwanja mkubwa mjini ni ufujaji. Kama ni lazima, alitaka ujengwe Jacarepaguá, mbali kabisa. Ary akasimama kinyume na mwenzake wa chama. Alitaka ujengwe kwenye eneo la zamani la mbio za farasi pale Maracanã, ambako mtu wa kaskazini ya jiji na mtu wa kusini wote wanaweza kufika kwa treni na tramu. Nje ya baraza, mwandishi Mário Filho alikuwa anaupigania uwanja huohuo kila siku kwenye gazeti lake la Jornal dos Sports. Huyu naye ni mtu wa kukumbukwa. Neno Fla-Flu, la dabi ya Flamengo na Fluminense, limeenea kwa sababu yake, na uwanja wenyewe ulikuja kupewa jina lake rasmi.

Upande wa Ary ukashinda. Ujenzi ulianza Agosti 2, 1948. Juni 16, 1950 uwanja ukafunguliwa, mabomba na mbao za ujenzi vikiwa bado vimezagaa.

Mwezi mmoja baadaye, Julai 16, watu 173,850 walilipa kiingilio, na wengine wengi waliingia bila kulipa. Brazil walihitaji sare tu dhidi ya Uruguay. Ary alikuwa pale na maikrofoni yake, ndani ya uwanja alioupigania. Friaça akafunga mara tu baada ya mapumziko. Dakika ya 66 Juan Schiaffino akasawazisha. Dakika ya 79 Alcides Ghiggia akampita beki wa kushoto, akapiga mpira kati ya kipa na mlingoti. Uruguay 2, Brazil 1. Uwanja ukanyamaza.

Barbosa, kipa, alilaumiwa mpaka anaingia kaburini, miaka 50 baadaye. Lakini Rio iligawa lawama kwa mafungu, na mafungu mengine makubwa walipewa Bigode, yule beki wa kushoto aliyepitwa, na Juvenal, beki wa kati aliyechelewa kuziba. Wote wawili walikuwa wachezaji wa Flamengo. Mtu aliyezoea kufumba macho adui akishambulia, safari hii hakuwa na namna. Ghiggia alipita upande wa wachezaji wake.

Ary akaweka maikrofoni chini, akasema ndiyo basi, hatatangaza tena mpira. Kustaafu kwake hakukudumu, watu wa aina yake hawaachi kirahisi, lakini ule utangazaji wa mbwembwe haukurudi kuwa kitovu cha maisha yake.

YULE WA SAYARI YA NJAA

Kilichobaki kikubwa kilikuwa kipindi cha vipaji, Calouros em Desfile, alichokiendesha redioni kwa miaka. Anayetaka kuimba anapanda jukwaani mbele ya watu, akiharibu linapigwa sinia la shaba, safari imeisha. Ary alikuwa mkali, wengine wanasema mkatili. Kosa moja hakulisamehe: kuimba wimbo bila kumtaja aliyeutunga. Mshiriki alilazimika kusema jina la mtunzi kwanza. Ary alipigania haki za watunzi kulipwa kwenye vyama vyao, na kipindi chake kilikuwa sehemu ya vita hiyo.

Siku moja mwanzoni mwa miaka ya 1950 akapanda binti mweusi, mwembamba kupindukia, amevaa gauni la mama yake lililokazwa kwa pini ili lisimdondoke. Nyumbani ameacha mtoto mgonjwa na hana hela ya dawa. Ukumbi ukacheka. Ary naye, kwa ule ulimi wake, akamuuliza ametokea sayari gani. Binti akamjibu kwamba ametoka sayari ileile ya Ary, sayari ya njaa. Kicheko kikafa. Akaimba. Alipomaliza Ary alikuwa amemkumbatia, anawatangazia watu kwamba hapo wamemuona nyota anazaliwa.

Binti alikuwa Elza Soares. Mashabiki wa mpira wanamfahamu kwa njia nyingine: ndiye aliyekuja kuwa mke wa Garrincha, winga wa miguu iliyopinda aliyeibeba Brazil kwenye Kombe la Dunia la 1962. Garrincha alifariki Januari 20, 1983. Elza akafariki Januari 20, 2022, tarehe ileile.

JUMAPILI YA KANIVALI

Miaka ya mwisho ilikuwa ya pombe na ini. Kizazi kipya cha bossa nova kiliingia, na mara nyingi vijana wapya huwazika wazee, lakini João Gilberto alifanya kinyume: alichukua É Luxo Só ya Ary akaiweka kwenye albamu yake ya kwanza mwaka 1959, na Pra Machucar Meu Coração akairekodi na Stan Getz kwenye albamu ya Getz/Gilberto, iliyotoka 1964 na kuuza duniani kote. Ary hakuishi kuyaona mauzo hayo.

Aliishi kuona jingine. Desemba 15, 1963, Flamengo na Fluminense walikutana Maracanã, Flamengo wakihitaji sare kutwaa ubingwa wa Rio. Walilipa kiingilio watu 177,020, nyomi ambalo hakuna mechi ya klabu iliyowahi kulifikia. Ikaisha bila bila. Flamengo bingwa, kwenye uwanja wa diwani wao, na mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Inasimuliwa kwamba Februari iliyofuata alimpigia simu rafiki yake, mwandishi David Nasser, kumuaga, akamwambia anakufa. Nasser akamuuliza amejuaje. Ary akamweleza kuwa redio zimeanza kupiga nyimbo zake.

Alifariki Februari 9, 1964, akiwa na miaka 60. Ilikuwa Jumapili ya kanivali. Mwaka huo shule ya samba ya Império Serrano ilikuwa imechagua kupita na wimbo wa Silas de Oliveira, Aquarela Brasileira, uliotungwa kwa heshima ya wimbo wa Ary. Wachezaji walikuwa wameshavaa, wamejipanga, wanasubiri zamu yao, habari ilipowafikia. Wengine walikaa chini na mavazi yao ya manyoya wakalia. Zamu ikaitwa. Wakainuka, ngoma zikaanza, wakaingia barabarani.